Baba Mkwe wa Mama Yangu

Neno kompleksi lilifika Kabambare kabla ya lami. Lami yenyewe bado tunaisubiri. Sokoni utamsikia muuza chumvi akimwambia mwenzake, "Uko na kompleksi, ndiyo maana hauniangalii," na maana yake ni kwamba mwenzake anaona haya, au anajiona, inategemea mdomo umekunjwa vipi wakati wa kulisema. Mtu asiyetaka kula mbele za watu ana kompleksi. Msichana aliyerudi kutoka Kindu na nywele za kununua ana kompleksi. Ukiwaeleza kwamba vitabuni neno hilo lina mambo mengine, watakuambia mwalimu naye ana kompleksi.

Mwalimu huyo ni mimi. Nafundisha saikolojia katika shule moja ya sekondari, na kila mwaka nafika kwenye somo ambalo nalifundisha nimeuma meno: kompleksi ya Edipo. Safari hii somo lilinikuta nina mtoto mchanga nyumbani, wa kiume, hana jina. Ukoo wangu ulioko Kasongo ulikuwa umekwisha kuamua: apewe jina la marehemu baba yangu, kama desturi inavyotaka. Mke wangu alisema hapana. Wote walikuwa wananisubiri mimi, na mimi nilikuwa na sababu zangu za kukataa, nimezibeba tangu utotoni.

Nianze na hilo neno. Wenye elimu hiyo wanasema hivi: mtoto wa kiume akifika umri wa kama miaka minne au mitano, anataka mama yake awe wake peke yake, na anamwona baba kama mtu aliyemkalia kiti chake. Angependa baba aondoke. Halafu anamwogopa, anashindwa, anakubali yaishe, na mwishowe anaamua kufanana na yule aliyemshinda. Jina walilitoa kwa mfalme mmoja wa hadithi za kale za Wayunani, aliyemwua baba yake na kumwoa mama yake bila kuwajua. Wasichana nao wana la kwao, kuhusu baba zao. Nikimaliza kuyasema hayo, darasa linacheka, na kwa wiki nzima mvulana yeyote anayeonekana akimtwangia mama yake majani ya muhogo anaitwa Edipo. Mmoja aliacha kabisa kumsaidia mama yake. Nilikwenda kwao kueleza kwamba neno halina maana hiyo, na yule mama akaniuliza, "Sasa mwalimu, ile maneno unafundishaka sababu ya nini?"

Nilizaliwa Kasongo, katika familia ya Kiislamu ya mjini. Baba alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa barazani, na hapo alishona kanzu za wazee na sare za watoto wa shule. Mimi nilikuwa mtoto wake wa kwanza wa kiume, kwa hiyo nikapewa jina la baba yake. Kwetu, ukipewa jina la mtu, unapewa na cheo chake. Baba akaniita "baba" tangu ningali mgongoni. Bibi, mjane wa babu, akaniita "bwana yangu" na kila Idi akanidai nyama, eti mume gani huyu asiyelisha mke wake. Mpaka hapo mambo ni matamu. Watu wanacheka, mtoto anajiona mkubwa.

Shida ilikuwa kwa mama. Yeye alitokea upande wa Wamaza, mji ulioko njia ya Kabambare, kwa Wabangubangu, akaolewa na adabu zake zote. Nyumbani kwetu mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake, hakai naye mkeka mmoja, hamwoni akiwa uchi. Na mimi ndiye niliyekuwa baba mkwe. Wanawake wengine wenye watoto kama mimi huifanya desturi hiyo kuwa mzaha: wanamtungia mtoto jina la pembeni, akikosa wanamchapa matako, na maisha yanaendelea. Mama hakujua mzaha. Aliingia katika nyumba ya watu akiwa mgeni na aliogopa kukosea, akaishika desturi kwa mikono miwili mpaka ikamkazia vidole.

Tangu nilipoanza kutembea, aliyenikogesha ni shangazi, dada yake baba. Jua likishuka, mtaa mzima akina mama waliita watoto wao kwa majina. Mama alisimama mlangoni, akapiga makofi, akaita, "Muzee! Muzee, kuja kula!" Na mzee wa miaka mitano akatoka vumbini na kaptula iliyopasuka, wenzake wakimpigia saluti.

Hakunipiga hata siku moja. Wenzangu walisema nina bahati. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Siku moja nilimwaga makusudi chupa nzima ya mawese pale jikoni, mafuta ya wiki nzima, nikasimama nikingoja mwiko. Niliutamani mwiko ule kama watoto wengine wanavyotamani mandazi. Nilitaka anishike sikio, aseme "wewe mtoto wewe," anichape, kisha anivute kifuani nikilia, kama nilivyokuwa nikiona kwa jirani. Mama alipiga magoti penye mafuta, akaanza kuyafunika kwa majivu, na akaniambia kwa upole, "Pole, baba mukwe. Iliteleza tu." Nikalia kwa hasira. Yeye akadhani nimeumia, akamwita shangazi aje anitazame.

Vitabu vinasema mtoto anamtaka mama. Hapo sivipingi.

Kupigwa, nilipigwa na baba. Babu, yule mwenye jina, alimtoa baba shuleni alipokuwa mdogo. Shule zilikuwa za mapadri, na babu, kama wazee wengi wa mtaa wetu wakati ule, aliogopa kwamba mtoto ataingia na juzuu na kutoka na rozari. Lakini baba aliipenda shule. Alitoroka akarudi. Babu akamfuata mpaka darasani, akamvuta kwa shati mbele ya wenzake, na walipofika nyumbani akalichoma lile shati, baba akiangalia. Baba alikuwa akikisimulia kisa hicho kila mara alipokuwa akishona sare ya mtoto wa mtu, mguu ukisukuma cherehani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Babu alikufa bila kuulizwa lolote, kwa sababu mzazi haulizwi.

Kisha nikazaliwa mimi.

Asubuhi ya kwanza niliyokataa kwenda shule, baba alisimama mbele yangu na fimbo. Sauti yake ilikuwa ya heshima kabisa. "Baba," akaniambia, "wewe ulinikatalia mimi masomo. Leo utasoma wewe." Akanipiga kutoka barazani mpaka mlango wa darasa. Nikileta alama mbaya: "Baba, si ulisema shule haina faida? Unionyeshe basi ile faida." Fimbo. Nikilala kitabu kikiwa mikononi: "Baba, usilale. Mimi nililala miaka mingi sababu yako." Fimbo. Hakuwahi kunitukana. Hakuwahi kuniita mtoto. Majirani waliona raha, wakasema fundi anamlipiza mzee, na kweli ilikuwa ndiyo kichekesho cha mtaa. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Kwetu fahali mmoja alikuwa kaburini, na nyasi zilikuwa mgongo wangu.

Mama alikuwa jikoni. Mwanamke haingii kati ya mumewe na baba mkwe wake wakisemezana.

Namchukia baba kwa hilo mpaka leo. Nimelitafutia neno la upole, sijalipata.

Basi nilisoma. Nilisoma mpaka chuo cha ualimu, na huko ndiko nilikokutana na kompleksi ya Edipo. Mhadhiri wetu alikuwa mtu wa mbali, tai shingoni hata jua linapowaka, na alilifundisha somo lile kama mtu anayesoma hali ya hewa: kila mtoto, kila nchi, kila nyumba. Nikainua mkono. Nikamwuliza, na kama baba ndiye anayemwita mtoto baba? Na kama mwenye hamu ya kumpiga baba yake ni baba mwenyewe, na mtoto ndiye anayepigwa badala ya yule mzee? Na mama, kama amekatazwa hata kukutaja jina, unashindana na nani kwa ajili yake? Darasa lilicheka mpaka madawati yakasogea.

"Hiyo ni mambo ya kijijini, rafiki yangu," mhadhiri akasema. "Kwa mtihani utaandika vile nilisema."

Nikaandika vile alivyosema, nikapata alama nzuri sana. Baba alizionyesha kwa kila mteja aliyekuja kupimwa kanzu. "Muone baba yangu," alisema. "Eti shule ni ya makafiri! Leo iko wa kwanza." Nilikuwa nimesimama hapohapo, kijana wa chuo mwenye masharubu, na sikupata hata nukta moja ya sifa ile. Ilikwenda yote kwa babu, kama kawaida, na babu hakuwa hata amefungua daftari.

Nilipopewa kazi Kabambare watu walinionea huruma. Mimi nilifurahi. Barabara mbovu ni baraka kwa mtu asiyetaka kwenda nyumbani. Mvua ikinyesha nilituma salamu kwamba njia imekatika, na jua likiwaka nilituma salamu kwamba pikipiki hazipatikani. Nikaoa huku, binti wa wakulima wa hapa, mwanamke anayesema analotaka kusema. Nilimweleza yote haya tukiwa shambani tunavuna mpunga. Hakunipa pole. Aliuliza tu, "Na mama yako hakukuita mwanangu hata siku moja? Hata ukiwa mugonjwa?" Nikamwambia hata nikiwa mgonjwa. Akaendelea kuvuna.

Kisha shangazi akapiga simu. Baba alikuwa hoi. "Anakuita wewe," shangazi akasema. "Anasema iko na neno moja la kukuambia mbele ya kwenda."

Nilimtafuta kijana mwenye pikipiki tukaondoka siku ileile. Kupita Wamaza tope lilikuwa limemeza njia, tukawa tunashuka na kusukuma, tunapanda, tunashuka tena. Sikujali tope. Njia nzima nilikuwa nalitunga lile neno atakaloniambia. Nilijua litakuwa nini: mwanangu, unisamehe. Nilikuwa nimejipangia na jibu. Kwanza ningenyamaza, aone. Nilitaka aone kidogo. Halafu ningemshika mkono na kusema yameisha.

Nilimkuta amelazwa chumba cha mbele, cherehani imefunikwa shuka. Mama alikaa miguuni pake, shangazi kichwani. Alikuwa amekwisha mwili, lakini macho yalikuwa yake. Akaupapasa mkono wangu mpaka akaupata.

"Baba," akasema. "Umekuja."

"Nimekuja."

"Ile shati ulichoma." Akapumua. "Nimeibeba sana ile maneno. Sasa nimechoka nayo."

Nikasubiri.

"Nimekusamehe, baba. Enda na amani."

Shangazi akatoa machozi, akasema alhamdulillahi. Mama akainamisha kichwa. Nilitazama huku na huku nikitafuta mtu mmoja katika chumba kile aliyeona nilichokiona mimi, kwamba aliyepigwa ndiye aliyesamehewa. Hakuna aliyekiona. Shangazi akanigusa bega. "Umujibu," akaninong'oneza. "Useme, aksanti mwanangu. Asiende na moyo muzito."

Nikasema. Nilisema "aksanti, mwanangu," kwa sauti ambayo sikuijua, na baba akafumba macho ametulia kama mtoto aliyeshiba. Akafa kesho yake adhuhuri. Nilimwosha kama mwanawe, na kwenye matanga wazee wa mtaa walinipa mkono wa pole mara mbili, kwa kufiwa na baba na kwa kufiwa na mtoto. Mimi nilikuwa nalia, na kilichoniliza ni hasira. Nilimpa kila mtu nafasi ya kuamini anavyotaka.

Mama alimaliza eda, na haikupita muda mrefu mke wangu akajifungua mtoto wa kiume. Shangazi alipiga simu siku ileile kusema jina linajulikana. Nilikata simu. Mke wangu, akiwa bado kitandani, alisema neno lake. "Mimi sitamuita mutoto wangu Muzee. Nimemuzaa mimi, namunyonyesha mimi, na jina lake nitalitaja kwa kinywa changu." Kwa kuwa akipewa jina la baba, yeye kama mkwe hangeweza kulitamka. Tungeanza upya, mlango mwingine, makofi yaleyale.

Nikamwambia sitalitoa jina lile. Nilikuwa na hofu yangu pia, na yangu ilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa naogopa mkono wangu. Mtoto mwenye jina la baba yangu, siku atakapomwaga mawese, nitamwita nani? Na nikiinua fimbo, nitakuwa nampiga nani? Naijua nyumba niliyotoka. Nikatafuta jina ambalo hakuna maiti wetu hata mmoja aliyelibeba, nikamwambia mke wangu kwa siri, akalijaribu mdomoni mara mbili tatu na kucheka. Siku ya saba ikapita bila mtoto kunyolewa, kwa sababu nilitaka kwanza Kasongo wachoke. Hawakuchoka. Shangazi akatuma ujumbe kwamba hata mbuzi wa jirani ana jina.

Kisha akaja mama.

Alikuja kwa pikipiki, mwanamke ambaye maisha yake yote aliogopa pikipiki, kitenge kimeganda tope mpaka magotini, na kuku mmoja amefungwa miguu mapajani. Akanawa, akampokea mtoto, akakaa penye kizingiti cha mlango. Ndivyo alivyokaa siku zote nilipokuwepo mimi: mimi mkekani ndani, yeye kizingitini. Akamkagua mtoto masikio, na masikio kweli ni ya baba. Mke wangu alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga.

Halafu mama akainuka, akaingia ndani, akakaa mkekani kwangu. Kando yangu. Akaweka mkono wake gotini kwangu, mkono mdogo kuliko nilivyodhani.

"Mwanangu," akasema.

Nina mvi ndevuni. Nafundisha watoto wa watu mambo ya nafsi. Neno lile lilinipiga hapa kifuani.

"Mwanangu, nimebaki peke yangu. Nyumba iko kimya. Hakuna mutu wa kuniuliza chumvi iko wapi. Unipatie bwana yangu. Nimuite, nisikie analia."

"Mama," nikasema, "unajua alivyonifanya."

"Ninajua. Nilikuwa jikoni. Nilisikia fimbo zote."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa mukwe." Hakutazama pembeni. "Leo ninakuomba kama mama. Mwanangu, unipatie."

Hapo nikaelewa kwamba alijua. Tangu siku ya mawese, na pengine kabla yake, alijua ni neno gani ninalolitaka kutoka kwake. Alikuwa nalo miaka yote, amelifunga penye pindo la kitenge, na ndiyo kwanza amelifungua ili alinunulie jina la mumewe. Vitabu vinasema mtoto hushindwa na baba yake, na hilo ni kweli. Havikusema kwamba anaweza kushindwa na baba aliyekwisha kuzikwa. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nililijua jina lile jingine, lilikuwa zuri, mke wangu alikuwa amekwisha kulizoea. Lakini mkono ulikuwa bado uko gotini kwangu, na niliogopa kwamba nikisema hapana utaondoka.

Nikasema ndiyo.

Mbuzi alichinjwa, mtoto akanyolewa, jina likasomwa sikioni mwake. Mama alimnyanyua juu mbele ya watu wote na kumkaripia kwa utani, "Bwana yangu! Kumbe ulienda tu kutembea! Na nyama yangu iko wapi?" Watu wakacheka. Sikuwahi kumwona mama akicheka namna ile, mdomo wazi, meno yote nje. Aliporidhika akarudi kukaa penye kizingiti, mtoto mapajani. Mimi mwenyewe nikampelekea sahani ya pilau, nikainama karibu kabisa na uso wake, nikangoja.

Akaipokea kwa mikono miwili, macho chini.

"Aksanti, baba mukwe."

Mtoto akaanza kulia kwa njaa. Mke wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni, maziwa yakiloanisha blauzi yake, akitaka aletewe. Alifungua mdomo amwite, akaufunga. Akanitazama mimi kwa muda. Halafu akapiga makofi.